Msumari Usio na Jembe

Mwezi uliopita nilirudisha begi, beji, koti la mvua na simu ya ofisi. Gumbuti, zile buti za mpira, nimebaki nazo kwa sababu hakuna aliyezitaka. Ya kushoto inaingiza maji tangu siku niliyokanyaga seng'enge kwenye shamba moja huko Kitale. Mwenye stoo alinisomea orodha, akaweka alama moja moja, kisha akasema, "Haya, Mama Nekesa, sasa wewe ni raia kama sisi." Nikatoka nje nikavuta pumzi mpaka chini kabisa. Sikuwa nimevuta pumzi ya namna hiyo tangu nijifungue.

Watu wananicheka. Ati mtu wa miaka ishirini na tisa amestaafu? Ndiyo, nimestaafu. Miaka kumi nimebisha milango ya watu nikiwauliza kama wana kazi. Hiyo inamtosha mtu mmoja. Kustaafu si mvi.

Haya nawaandikia ninyi makarani wapya mtakaobeba hayo mabegi. Vyeo sitaongea, nilipata kimoja, kikaenda. Mshahara pia sitaongea. Ulikuwa mfupi, hauwezi kujaza ukurasa. Nitaongea juu ya milango, juu ya majembe, na juu ya kosa nililofanya Ndalu, ambalo hamtaliona kwenye kitabu cha mafunzo. Bado nina hasira kidogo. Nikimpiga mtu kikumbo njiani, anisamehe.

Nilianza baada ya kidato cha nne. Cheti changu kilikuwa cha kawaida, cha kuweka chini ya godoro. Nilikuwa nimekaa nyumbani karibu mwaka mzima, kisha nikasikia wanatafuta makarani wa kuhesabu watu wasio na kazi. Nikaandikwa. Siku hiyo hiyo hesabu ya wasio na kazi ikapungua kwa mmoja, kabla hata sijashika kalamu.

Mafunzo yalikuwa siku tatu katika ukumbi mmoja kule Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Kupitia dirishani tuliona wakulima wakifundishwa jinsi ya kupanda kwa nafasi, na sisi ndani tukifundishwa jinsi ya kuwaita. Mwalimu akaandika ubaoni. Mtu aliyefanya kazi ya kumpa kitu wiki iliyopita, hata kwa saa moja tu, huyo ana kazi. Asiyefanya, lakini ametafuta katika wiki nne na yuko tayari kuanza, huyo hana kazi. Wengine wote wako nje ya hesabu.

Kijana mmoja wa Webuye akainua mkono. "Na mtu mwenye amechoka kutafuta?"

"Huyo yuko nje."

"Nje wapi, mwalimu?"

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mwalimu akafuta ubao. Imenichukua miaka kumi kujua kwamba lile ndilo lilikuwa swali la maana katika siku zote tatu.

Nilipelekwa Kitale, kaunti ya Trans-Nzoia, chini ya msimamizi aliyeitwa Mama Njeri. Wazazi wake walitoka mkoa wa kati wakapata shamba Trans-Nzoia yeye akiwa mgongoni, kwa hivyo alikuwa mkulima wa mahindi kwanza na karani baadaye. Alitembea haraka, aliongea polepole, na fomu zake alizifunga kwenye kibao cha mbao chenye kamba na kalamu ya risasi. Wakati ofisi ilituletea simu za kujazia, yeye aliendelea kubeba kibao. Alisema simu inazimika, ubao hauzimiki.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja na mke wake. Nikauliza maswali yote kwa mfuatano, nikashukuru, nikatoka nikijiona nimesoma. Mama Njeri alikuwa amesimama nje kwenye ua.

"Sasa we msichana, umeona nini humo?"

"Nimeona mzee na mke wake. Watoto wao wawili wamelala. Mzee amesema wote hawana kazi."

"Umeona misumari mingapi?"

"Misumari?"

"Ukutani, hapo nje ya jikoni. Misumari mitano. Majembe ni mangapi?"

Nikageuka nikahesabu. Manne.

"Huyo wa tano ako wapi?" akauliza. "Rudi ndani. Na usiulize kama ako na kazi. Uliza jana asubuhi alikuwa wapi."

Nikarudi. Kumbe kulikuwa na mtoto wa tatu, binti, ambaye mzee hakumtaja kabisa kwa sababu, alivyosema, "huyo hafanyi kitu, ameenda tu kupalilia kwa jirani." Alikuwa akipalilia kwa jirani tangu Jumatatu, kwa malipo, na nusu ya unga uliokuwa jikoni ulikuwa jasho lake.

Basi, hicho ndicho chombo cha kwanza cha kazi hii, na ofisi haitakupa. Hesabu misumari. Watu wa huku hawaweki jembe popote. Kila mtu mzima ana lake, na kila jembe lina msumari wake. Mdomo unaweza kuona haya. Jembe halijui haya ni nini.

Kitale ilinifundisha mengine. Wakati wa kuvunja mahindi unaweza kubisha nyumba kumi usimkute mtu ila kuku. Kila mwenye mikono yuko shambani. Rudi baada ya mavuno, watu wale wale wameegemea ukuta ule ule wakiota jua. Ofisini walikuwa wanachora mstari: Kitale inapanda, Kitale inashuka, na Bungoma chini yake kama mtoto anayeburutwa. Siku moja Mama Njeri aliutazama ule mstari ukutani, akasema, "Huu si mstari wa kazi. Ni mstari wa mahindi. Wangemuuliza punda angewachorea bure."

Tena kulikuwa na malori. Alfajiri yalitoka mashamba makubwa ya upande wa Kitale yakavuka mpaka wa kaunti hadi Ndalu na sehemu nyingine za Tongaren, upande wa Bungoma, yakabeba watu, yakawarudisha jioni. Kwa hivyo mahindi yalihesabiwa Trans-Nzoia na mgongo ulioyapalilia ukalala Bungoma. Ukibisha Kitale unaona shamba limependeza, mwenyewe anakwambia kazi ipo tele. Ukibisha Ndalu unaambiwa mwenye nyumba hayupo. Mtu huyo huyo anapotea katikati ya fomu mbili.

Halafu shamba moja likaleta mashine ya kuvunia. Malori yakapungua. Mzunguko wa hesabu uliofuata, wasio na kazi katika eneo hilo walipungua, na ofisini watu wakapigana mikono kwa furaha. Mama Njeri hakupiga mkono wa mtu.

"Mbona hufurahi?" nikamuuliza.

"Walikuwa wanasimama kwa njia panda kungoja lori. Lori haiji, wameacha kusimama. Mwenye ameacha kusimama hatafuti, na mwenye hatafuti umemtoa kwa hesabu. Ukitoa wagonjwa wote hospitali uwapeleke nyumbani, si utasema umemaliza ugonjwa?"

Muandike hilo kwenye jalada la kitabu chenu. Hesabu ikishuka, uliza walioondoka wameenda wapi. Kama hawajaenda kazini, hakuna kilichoshuka. Na mtu akikwambia vijana wa kwetu ni wavivu, mpe gumbuti zangu, ile ya kushoto hasa, atembee nayo wiki moja.

Nyumba ngumu zilikuwa nyingi. Ile isiyonitoka ni ya kijana aliyemaliza chuo kikuu, aliyekuwa akitengeneza simu mbovu kwenye kibanda nyuma ya soko. Mikono ilikuwa na risasi ya kuunganishia waya. Nikamwuliza kama alifanya kazi wiki iliyopita, akachungulia mlangoni kwanza. "Andika sina kazi," akanong'ona. "Mamangu ako jikoni. Bado anaambia watu ninangoja barua." Nikamwandika kuwa ana kazi, maana alikuwa nayo, lakini nilimwambia kwa sauti, "Asante, tutangoja hiyo barua." Mama yake akaniletea chai yenye maziwa mengi. Uongo mwingine si wa kalamu, ni wa mdomo, na huo nimejisamehe.

Mama Njeri alipostaafu, akiwa na mvi za kweli, alinipa kile kibao. "Hiki kimeandika watu wengi kuliko kanisa," alisema. "Usikitumie kufukuzia nzi." Mimi nikaolewa, nikahamia kwa wakwe zangu Mabanga, nikapelekwa timu ya Bungoma chini ya Bwana Wekesa. Mwaka jana, mahindi yakivunjwa, nikamzaa Nekesa. Kwetu Wabukusu jina hilo ni la msichana wa mavuno, kama Nafula alivyo wa mvua na Naliaka wa palizi. Nimewahi kufikiri kwamba ukitaka kujua kazi za Bungoma mwaka mzima huhitaji fomu, soma tu rejista ya kliniki.

Sasa nafika Ndalu.

Ulikuwa msimu wa palizi. Mradi mmoja ulikuwa unakuja kuchimba mitaro na kuweka makalvati ya kupitishia maji kwenye barabara za vijijini, kazi ya mikono, ya miezi kadhaa, karibu na nyumbani. Sehemu zenye watu wengi wanaotafuta kazi zingechukuliwa kwanza. Sisi ndio tulitumwa kuhesabu, nyumba kwa nyumba. Sheria ilikuwa wazi: mtu ajibu mwenyewe, ukimkosa, rudi mara mbili, siku tofauti, kabla ya kukubali jibu la mtu mwingine.

Nekesa alikuwa na miezi sita. Nilimwacha Mabanga na mama mkwe wangu, na mchana ukifika maziwa yalijaa mpaka kifua kikawa kama mawe mawili. Mwanaume aliyepanga ile ratiba hakuwa na kifua cha namna hiyo. Namlaumu, lakini kosa simpi. Kosa ni langu.

Nyumba ya kwanza siku hiyo, mlangoni alikuwa bibi mzee. Kwa heshima mtu wa umri wake tunamwita Kukhu.

"Karibu," akasema. "Wewe ni wa kanisa ama wa siasa?"

"Wa hesabu, Kukhu."

"Afadhali. Wa siasa hunywa chai na hawarudishi kikombe. Kaa."

Nikakaa. Nikauliza nani wanaishi pale. Akasema ni yeye, kijana yake, na Nafula, mke wa huyo kijana.

"Nafula ako wapi?"

"Ako tu. Ameenda mtoni."

"Wiki iliyopita alifanya kazi yoyote ya kulipwa?"

Kukhu akanitazama kama nimemwaga kitu. "Bibi ya kijana yangu? Alimie watu? Kwani umesikia hapa tunakosa chakula?"

"Na kazi, anatafuta?"

"We mtoto, andika ako nyumbani."

Hapo lazima niwaeleze, maana wengine wenu mtatoka mbali. Katika nyumba nyingi za huku mama mkwe hamwambii mgeni kwamba mke wa mwanawe anaenda kulimia watu. Ni kama kusema mwanawe ameshindwa kulisha nyumba. Hata mke mwenyewe akitoka alfajiri hufunga jembe ndani ya gunia, kama mtu anayebeba mtoto wa kuibwa. Mimi ni wa huku. Nilijua hayo kabla ya kujua kusoma.

Na ukutani palikuwa na misumari mitatu na majembe mawili. Niliuona ule msumari mtupu. Sitawaambia kwamba sikuuona. Blauzi ilikuwa imeanza kulowa, niliuangalia, ukaniangalia, nikaandika: Nafula, mama wa nyumbani, hatafuti kazi. Ziara ya pili, imefanyika. Ziara ya tatu, imefanyika. Sikurudi hata mara moja.

Baada ya nyumba ya kwanza, ya pili ni rahisi. Nilifanya nyumba kumi na tisa hivyo, mama wakwe kumi na tisa, wote wakiwa na wake wa wana wao walioenda mtoni. Mto wenyewe ungekauka. Saa tisa nilikuwa Mabanga. Nekesa akanyonya mpaka akalala, na mimi nikajiona mama mwema.

Wiki chache baadaye nilirudi Ndalu kwa kazi ya kijiji kingine. Nilikuwa sokoni nachagua viazi vitamu nikasikia mtu nyuma yangu.

"Wewe ndio karani?"

Nikageuka. Mwanamke wa rika langu, jembe limefungwa kwenye gunia begani, na tumbo la mimba, miezi mitano hivi. Nyuma yake wanawake wengine wanne na majembe yao.

"Ni mimi, dada."

"Mimi ni Nafula. Ni wewe uliandika kwetu hakuna mtu anatafuta kazi?"

Nikasema nini? Nikasema, "Kwani kumetokea nini?"

"Chifu amesoma orodha kwa baraza, kabla iende juu. Mitaro inaenda kila mahali, upande wetu haiko. Ati wanawake wa huku wametosheka."

"Muulize kama yeye ametosheka!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Na hicho kiatu chake kinakunywa maji!" Wakacheka, kicheko cha kuuma.

Nafula hakucheka. "Kila asubuhi saa kumi na mbili niko njia panda. Lori ikuje na nafasi ya kumi, sisi tuko arobaini. Wakinichukua, nasimama nyuma mpaka Kitale na hii tumbo, nimeshika chuma. Wasiponichukua narudi nyumbani polepole, nazunguka kwa kisima, ndio Kukhu asijue nimekosa. Hiyo si kutafuta? Hiyo mitaro ingekuwa hapa hapa, natembea na miguu yangu. Jana lori iliruka shimo, nikasikia mtoto amegeuka." Akashusha gunia. "Niambie tu. Ulirudi kwetu mara ngapi?"

Viazi vilikuwa bado mkononi. "Sikurudi," nikasema.

"Ulikuwa na haraka ya wapi?"

"Mtoto wangu alikuwa ananyonya."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akatazama tumbo lake. "Basi umelisha wako," akasema, "ukaniachia wangu kwa lori." Wakaenda.

Niliondoka pale na hasira ya kupasua gunzi. Nilimkasirikia Nafula kwa kusema mbele ya watu. Nikamkasirikia Kukhu kwa uongo wake, chifu kwa mdomo wake, Bwana Wekesa kwa ratiba yake, mume wangu kwa kutokuwa na maziwa. Nilipomaliza kuwakasirikia wote nikabaki peke yangu. Nikampigia Mama Njeri simu, nikamweleza kila kitu mpaka sauti ikaniisha.

"Msumari uliuona?" akauliza.

"Niliuona."

"Sasa unaniuliza mimi nini?" Kisha akasema, "Mtoto ameota meno?"

"Mawili."

"Haya. Nenda ofisini kabla hajaota la tatu."

Nikaenda asubuhi iliyofuata, Jumanne. Bwana Wekesa si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka, meza yake imejaa mafaili yanayoshikiliwa na jiwe. Nikamwambia fomu za upande ule wa Ndalu si za kweli.

"Zimefungwa," akasema. "Orodha inaondoka Ijumaa. Na karani ameandika alirudi mara mbili."

"Karani ni mimi. Sikurudi."

Akavua miwani. "Mama Nekesa, unajua umesema nini?"

"Kusema najua. Kurudi ndiko kulikonishinda."

Aliinua lile jiwe la mafaili, akalirudisha. Nje kuna mtu alikuwa anapiga honi ya bodaboda bila sababu. "Sikiliza," akasema mwishowe. "Wewe ni karani wangu mzuri. Enda nyumbani. Hukusema, mimi sikusikia. Mradi utarudi tena mwaka mwingine."

"Huyo mama atazaa kabla ya mwaka mwingine."

Wote wawili tulijua sheria. Fomu zilizofungwa hazifunguliwi kwa sababu karani amekosea. Zinafunguliwa kwa sababu karani amedanganya. Hapo eneo lake lote linarudiwa na watu wengine, haraka, na yeye anaondoka. Hakukuwa na mlango wa tatu. Niliutafuta usiku kucha.

Nikatoa kibao cha Mama Njeri kwenye begi, nikaweka karatasi, nikashika kalamu. Bwana Wekesa akanyoosha mkono, akanipa yake.

"Andika kwa wino," akasema. "Ya risasi nitashawishika kuifuta."

Nikaandika majina ya nyumba kumi na tisa, na chini yake jina langu na namba yangu ya beji. Mwandiko ulikuwa safi. Uongo nao niliuandika kwa mwandiko safi, kwa hivyo sioni kama ni sifa.

Siku iliyofuata walitumwa makarani wawili, na Bwana Wekesa mwenyewe akaenda nao. Hawakuanza kwa nyumba. Walianza njia panda, saa kumi na mbili asubuhi, penye wanawake na majembe, wakaandika kila mmoja na nyumba yake. Mimi nilienda bila beji, Nekesa mgongoni, nikakaa kando ya barabara. Sikuruhusiwa kugusa fomu. Nafula aliniona, hakunisalimia. Lori lilikuja likachukua walioandikwa kwanza, likawaacha wengine. Yeye aliachwa.

Baadaye tukapanda mpaka nyumbani kwake, makarani mbele, mimi nyuma. Kukhu alikuwa mlangoni.

"Nani amesema bibi ya kijana yangu analimia watu?"

Nafula akafungua gunia, akatoa jembe, akalitundika kwenye msumari wake mbele ya wote. "Ni mimi, Kukhu. Leo wamenikosa, lakini nimesimama. Jana nilisimama. Mwezi mzima nimesimama."

Kukhu akalitazama jembe. Nilidhani atatufukuza. Akavuta kigoda, akakaa, akasema kwa karani, "Wewe, hiyo kalamu iko na wino?"

"Iko, Kukhu."

"Basi andika huyu. Na mimi andika. Nilikuwa nasimama hapo hapo kabla miguu ikatae, na mama ya bwana yangu alikuwa anasema niko mtoni."

Nafula akacheka hadi akashika tumbo. Hapo ndipo aliponigeukia mara ya kwanza siku hiyo. "We karani," akasema, "huyo mtoto amelowa. Mlete ndani."

Orodha iliondoka Ijumaa na upande ule wa Ndalu ukiwa ndani. Kazi ilipoanza Nafula alipewa kukata nyasi kandokando ya mtaro, si kuchimba, kwa sababu ya mimba. Anatoka nyumbani jembe likiwa begani wazi, bila gunia. Lori la Kitale amelikosa kwa hiari yake. Nilipoambiwa hivyo nilikuwa tayari nimeshapata barua yangu ya kuondoka, mistari miwili. Nilidhani nitalia. Nililala, mchana, na mtoto, mpaka mama mkwe akaja kuangalia kama tunapumua.

Sasa napalilia. Jirani yetu ana ekari mbili na mgongo mbaya, ninamsaidia kwa malipo asubuhi, alasiri nauza sukumawiki nje ya geti. Natafuta kitu kingine. Hasira yangu kwa ile ratiba haijaisha. Mkipata nafasi, mwulizeni aliyeipanga kama amewahi kuona mtoto akinyonya. Lakini sipiti tena mbele ya ukuta wa mtu nikijifanya sioni.

Juzi nilirudi kutoka kwa jirani, Nekesa mgongoni, jembe mkononi, matope mpaka magotini. Kwenye jiwe chini ya upenu alikuwa ameketi msichana mwenye beji mpya na begi ninalolijua. Nikaona zipu ile iliyoharibika. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni, amekasirika.

"Mwambie huyu mtoto aende," akasema. "Jana amekuja nikamwambia wewe uko tu nyumbani, hufanyi kitu. Leo amerudi tena. Nimemwambia hatuna shida hapa, hasikii. Ati anahesabu misumari!"

Msichana akasimama. Viatu vyake vilikuwa vimelowa. "Shikamoo, mama. Samahani, ni sheria. Lazima ujibu mwenyewe." Akatazama jembe mkononi mwangu, akatazama ukuta, akafungua fomu. "Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

Nikamshusha Nekesa, nikatundika jembe. Halafu nikavuta kigoda, nikamwambia akae, kwa sababu jibu lilikuwa refu na nilitaka aliandike lote.